Kuisoma Spika ya Ukumbini Kabla ya Kuifungua

Jengo la zamani linapobomolewa katikati ya Dar es Salaam, au ukumbi wa dansi unapogeuzwa kuwa ghala, kanisa au duka la vifaa vya ujenzi, spika huwa miongoni mwa vitu vya mwisho kuondolewa, kwa kuwa ni nzito, zimefungwa juu, na hakuna mwenye hakika kama zina thamani yoyote. Nyingi huishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu, ambao huzivunja kwa ajili ya shaba na alumini na kulitupa kasha. Chache huokolewa na fundi au mpenda muziki, na hapo ndipo maswali yanapoanza: ilikuwa ikifanya kazi gani, imetengenezwa na nani, inafaa kuunganishwa na amplifaya ya namna gani, na je, ikishakarabatiwa itakuwa bado ni ileile?

Wengi huanza kuyajibu maswali hayo kwa kutafuta nembo. Hilo halishangazi, lakini nembo ndiyo shahidi dhaifu kuliko wote. Kampuni zilizofunga mitambo ya sinema zilibandika majina yao juu ya vifaa vilivyotengenezwa na wengine. Mafundi wa kumbi walihamisha draiva, yaani kile kiungo kinachotoa sauti ndani ya spika, kutoka kasha moja kwenda jingine. Na hapa kwetu, ambako kwa miaka mingi kuagiza kipuri kutoka nje kulihitaji fedha za kigeni zilizokuwa adimu mno, kasha moja linaweza kuwa na sehemu za viwanda vitatu kutoka mabara mawili. Kinachosema kweli ni muundo wa spika yenyewe, kwa sababu muundo huo ulilazimishwa na kazi: ukubwa wa ukumbi, nguvu ya amplifaya za wakati huo, na urefu wa waya uliotoka chumba cha mitambo hadi spika ilipokuwa. Ukishaitambua kazi, jina la mtengenezaji mara nyingi hufuata lenyewe, na hata lisipofuata utakuwa umekwisha kujua yale yanayohitajika ili usiiunguze.

Nyuma ya pazia la sinema

Kizazi kilichokwenda kutazama filamu za Kihindi na za kauboi pale Empire, Avalon, Empress, Cameo au New Chox hakikuwahi kuziona spika zilizotoa sauti ile, kwa sababu zilisimama nyuma ya pazia, nalo pazia lilitobolewa matundu madogo madogo ili lipitishe sauti. Kwa hiyo mtengenezaji hakujali sura. Kasha la sinema kwa kawaida ni la plaiwudi iliyopakwa rangi ya kijivu au nyeusi isiyong'aa, halina kitambaa cha mbele, halina mapambo, na lina ukubwa ambao hakuna sebule ingeukubali. Mtu anayekuletea kasha la namna hiyo na kukuambia kwamba lilitoka katika nyumba ya tajiri fulani huenda anaamini anachosema, lakini kasha lenyewe linampinga.

Muundo wa spika hizi unaeleweka ukikumbuka udhaifu wa amplifaya za mwanzo. Filamu za sauti zilianza kuwa biashara kubwa mwaka 1926, pale Warner Bros. ilipotumia mfumo wa Vitaphone uliotokana na kazi ya Western Electric, na spika za mfumo huo ziliendeshwa na draiva ya aina ya 555. Amplifaya za valvu za siku hizo zilitoa wati chache tu, ilhali ukumbi ulibeba watu mamia kwa mamia. Jawabu lilikuwa pembe: diaframu ndogo, yaani utando mwembamba unaotetemeka, hubana hewa katika koo jembamba, kisha pembe huitanua hewa hiyo hatua kwa hatua mpaka mdomoni, kama mtu anavyoweka viganja kinywani anapomwita mwenzake ng'ambo ya mto. Nguvu kidogo ya umeme hugeuka kuwa sauti nyingi. Katika miaka ya 1930 wahandisi wa studio ya filamu ya MGM chini ya Douglas Shearer waliunda mfumo wa njia mbili, ambamo spika kubwa za koni zilibeba besi na draiva ya pembe ikabeba sauti za juu. Mwaka 1945 Altec Lansing ikaanza kuuza mfululizo wake wa Voice of the Theatre, ambao uliigwa sana duniani. Uingereza nayo ilikuwa na watengenezaji wake, Vitavox ya London ikiwa mmoja wa wanaotafutwa zaidi leo kwa sababu ya draiva yake ya S2.

Ukitaka kujua faida ya muundo huo kwa hesabu, chukua spika ya sinema inayotoa desibeli 100 kwa wati 1 mtu akiwa umbali wa mita 1, na spika ya kisasa ya nyumbani inayotoa desibeli 86 kwa nguvu hiyohiyo. Tofauti ya desibeli 14 ni sawa na kuzidisha nguvu mara 25. Amplifaya ya wati 20 ikiisukuma ile ya kwanza hutoa sauti ambayo ya pili ingehitaji wati 500 kuifikia. Ndiyo maana amplifaya kubwa za leo zinazotumika kwenye sherehe ni hatari kwa spika hizi, na ndiyo maana spika nyingi zilizopona miaka 50 ya kazi huungua jioni moja baada ya kuuzwa.

Alama za kuangalia katika draiva ya pembe ni chache lakini zina uzito. Draiva kubwa za sinema zina koo la kipenyo cha inchi 1.4 hivi na hubeba sauti kuanzia hezi 500 kwenda juu. Ndogo zaidi zina koo la inchi 1 na huanzia hezi 800 au juu zaidi. Diaframu inaweza kuwa ya alumini nyepesi, ambayo ni dalili ya sinema au studio, au ya kitambaa kilichogandishwa kwa resini, chenye rangi ya kahawia, ambacho ni imara zaidi na kilipendelewa katika spika za matangazo ya nje. Ikiwa pembe yenyewe imegawanywa vyumba vingi vya bati vilivyopakwa kitu kama lami, umekutana na pembe ya seli nyingi, na hiyo lami usiikwangue: kazi yake ni kulizuia bati lisilie.

Vyombo vya dansi

Kumbi za dansi zina historia nyingine kabisa. Bendi nyingi kubwa za Dar es Salaam zilikuwa chini ya taasisi: NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala, na Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, ilikuja kuwa chini ya shirika la maendeleo la jiji, DDC. Vyombo havikuwa mali ya mpigaji, na kwa hiyo vilipakwa namba za mali na majina ya mashirika, alama ambazo mnunuzi wa leo huharakisha kuzifuta kwa msasa. Mimi naona kuzifuta ni hasara. Namba iliyopakwa kwa brashi ubavuni mwa kasha ndiyo inayoweza kukuambia spika hiyo ilisimama jukwaa gani, jambo ambalo hakuna kibandiko cha kiwandani kitakachokueleza.

Hapa ndipo mchanganyiko wa sehemu ulipokithiri. Kasha la dansi lilibebwa kwenye lori, likaangushwa, likanyeshewa, na spika yake ilipoungua ilibadilishwa kwa ile iliyopatikana. Kwa hiyo usishangae kukuta Celestion ya Kiingereza pembeni mwa Jensen ya Kimarekani ndani ya kasha lililochongwa na seremala wa hapahapa. Seremala huyo hutambulika kwa misumari pale ambapo kiwanda kingetumia skrubu, na kwa uzito wa mbao ngumu ambazo kiwanda kisingezigharimia. Kasha kama hilo si bandia. Ni kazi halali ya wakati wake, na likitoa sauti nzuri sioni sababu ya kulitupa ili kutengeneza nakala ya kasha la Marekani ambalo huenda halikuwahi kuingia nchini.

Katika spika za Kimarekani, kitu cha kwanza cha kutafuta ni namba iliyogongwa kwa muhuri kwenye fremu au ukingoni mwa sumaku. Tarakimu za mwanzo humtaja mtengenezaji: 220 ni Jensen, 465 ni Oxford, 137 ni CTS, 328 ni Utah, na 67 ni Eminence. Tarakimu zinazofuata ni mwaka, nazo mbili za mwisho ni wiki. Namba 220632 ina maana ya Jensen ya wiki ya 32 ya mwaka unaoishia na 6, ambao unaweza kuwa 1956 au 1966, na hapo itakubidi uamue muongo kwa kutazama aina ya sumaku na gundi. Kwa kuwa mwaka una wiki 52 tu, au 53 mara chache, namba inayokupa wiki ya 78 haijasomwa sawasawa, au si namba ya aina hiyo. Spika za Kiingereza hazifuati utaratibu huu. Kwazo, dalili ya haraka ni kwamba nyingi za zamani ziliandikwa omu 15, wakati Wamarekani waliandika omu 16, 8 au 4.

Mtego wa volti 100

Kundi la tatu ndilo linaloleta madhara mengi kuliko yote, nalo ni spika za mahoteli, stesheni, viwanda, makanisa na misikiti. Katika majengo hayo spika huwa nyingi na waya huwa mrefu, na kama zingeunganishwa moja kwa moja na amplifaya kama za nyumbani, nguvu nyingi ingepotea njiani kwa joto la waya. Kwa hiyo wahandisi walifanya kama wafanyavyo watu wa gridi ya umeme: walipandisha volti kwenye amplifaya, wakapunguza mkondo, kisha wakaweka transfoma ndogo nyuma ya kila spika ili kuishusha tena. Kiwango kilichoenea Ulaya na katika nchi zilizonunua vifaa vya Ulaya ni volti 100. Marekani walichagua volti 70.

Hesabu yake ni nyepesi na inafaa kukaririwa. Ukizidisha volti kwa yenyewe na kugawanya kwa wati, unapata omu. Spika ya wati 10 kwenye laini ya volti 100 inaonekana kama omu 1,000. Ya wati 20 inaonekana kama omu 500. Spika ya wati 10 iliyotengenezwa kwa volti 70 ni karibu omu 500, na kwa hiyo ukiiweka kwenye laini ya volti 100 itavuta kama wati 20 na kuungua polepole bila mtu kujua sababu. Sasa chukua mtu aliyeitoa transfoma kwa kudhani ni takataka, akaunganisha spika tupu ya omu 8 kwenye laini hiyohiyo: laini itajaribu kuipa wati 1,250. Amplifaya itakufa, au koili, yaani msuko wa waya unaoisukuma koni, itakufa, na mara nyingine vyote viwili.

Kinyume chake pia hutokea. Mtu huinunua spika ya kanisani, huiunganisha na redio ya nyumbani, husikia sauti dhaifu kama inatoka chini ya kitanda, kisha hutangaza kwamba sumaku imekufa. Sumaku ni nzima. Transfoma ndiyo inayoizuia. Fungua kifuniko cha nyuma, utaona transfoma yenye nyaya au vituo kadhaa vilivyoandikwa wati mbalimbali. Ukitaka kuitumia nyumbani, unganisha moja kwa moja na draiva, lakini transfoma iache mahali pake ikiwa imetenganishwa, kwa sababu siku moja anaweza kuja mtu mwenye jengo na laini. Tahadhari moja: Philips ya Uholanzi ilitengeneza spika za omu 800 zisizohitaji transfoma kabisa, kwa ajili ya amplifaya maalumu za valvu. Toleo la AM la spika yake maarufu ya 9710 ni la namna hiyo, na lile la M pekee ni la omu 7. Herufi moja hubadilisha kila kitu, na aliyepima omu mia kadhaa kwenye spika isiyo na transfoma asifikirie kwamba koili imekatika nusu.

Katika kundi hili zimo pia spika za mnara, yaani kasha jembamba refu lenye spika ndogo kadhaa zilizopangwa juu kwa chini. Mpangilio huo husambaza sauti kwa upana lakini huizuia isiende darini wala sakafuni, na kwa sababu hiyo zilifaa sana katika makanisa yenye mwangwi. Ukizilaza juu ya rafu, kama nilivyoona zikilazwa katika baa zaidi ya moja, unakuwa umeigeuza faida yake kuwa kasoro: mtu aliye katikati anasikia, aliyekaa pembeni hasikii maneno. Spika za pembe za nje, zile za minarani na kwenye magari ya matangazo, ni rahisi zaidi kuzitambua. TOA, kampuni iliyoanzishwa Kobe nchini Japani mwaka 1934, na Ahuja ya India ndizo zinazoonekana sana. Hizo zilitengenezwa kwa ajili ya sauti ya mtu. Anayezitarajia zipige besi anazionea.

Zipo pia spika ndogo za sinema ya magari, kama ile iliyokuwa Msasani ambayo wakazi wa jiji waliiita Drive-in tu. Kasha lake ni la alumini, lina ndoano ya kuning'inia kwenye kioo cha gari, kitufe kimoja cha sauti, na waya uliokwenda kwenye nguzo. Ni kumbukumbu nzuri, lakini ndani yake kuna spika ya kawaida ya inchi 4 hivi, na hakuna siri zaidi ya hapo.

Sumaku na machimbo ya Shaba

Njia bora ya kukadiria umri wa spika isiyo na maandishi ni kuitazama sumaku. Spika za zamani zaidi hazina sumaku ya kudumu kabisa. Zina koili kubwa iliyozunguka chuma, nayo huwa sumaku pale tu inapopewa umeme wa moja kwa moja. Utaitambua kwa nyaya mbili za ziada na kwa jambo moja ambalo limewafanya watu wengi wazitupe: bisibisi haigandi. Katika redio na amplifaya ndogo koili hiyo mara nyingi ilikuwa ya omu 1,000 hadi 2,500 na ilifanya kazi mbili, kwa kuwa ilisaidia pia kusafisha umeme wa amplifaya, na volti zake zinaweza kuua mtu. Draiva kubwa za sinema zilitumia volti ndogo. Ile 555 iliyotajwa huhitaji volti 7 tu. Usichanganye nyaya hizo za ziada na za spika mbili-kwa-moja kama Tannoy Dual Concentric, iliyotoka mwaka 1947, ambayo ina koili mbili za sauti na kwa hiyo vituo vinne.

Baada ya hapo ilikuja sumaku ya alniko, mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti pamoja na chuma, ambayo mara nyingi hufichwa ndani ya chungu cha chuma kirefu kiasi. Kisha ikaja ya feraiti, ambayo ni duara pana, jeusi, bapa, lililo wazi pembeni. Sababu ya mabadiliko hayo kukamilika haraka mwishoni mwa miaka ya 1970 ilianzia katika ukanda wetu. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia ilitoka mkoa wa Shaba nchini Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na mapigano ya huko ya mwaka 1977 na hasa ya 1978 yaliyofika hadi mji wa machimbo wa Kolwezi yaliipandisha bei ya madini hayo kiasi kwamba JBL, Altec na Tannoy ziliachana na alniko katika spika zao nyingi ndani ya muda mfupi. Kwa hiyo JBL D130 ni ya alniko na E130 iliyoirithi ni ya feraiti, na mpaka kati yao ni karibu na mwaka 1980. Wapo wanaoapa kwamba alniko ina sauti tamu zaidi. Tofauti ipo, lakini sehemu kubwa ya utamu huo unatokana na koni, koili na kasha vilivyobadilishwa wakati huohuo.

Jambo la kuzingatia kuhusu alniko ni kwamba haivumilii. Ukiivua sumaku kutoka katika chuma chake ili uisafishe, inapoteza nguvu papo hapo, na ukiirudisha haitapata nguvu ya mwanzo mpaka ipelekwe kwenye mashine ya kuisumakisha ikiwa imekwisha kufungwa. Nyundo na mkondo mkubwa kupita kiasi huleta madhara hayo pia. Feraiti ni ngumu zaidi kuharibu kwa umeme, lakini ikianguka huvunjika au gundi yake huachia, na sahani ya mbele huhama na kuibana koili.

Kupima kabla ya kugusa

Multimita ya kawaida inatosha kwa hatua ya kwanza. Spika ya omu 8 husoma omu 5.5 hadi 6.5 kwenye mita, na ya omu 15 au 16 husoma kati ya 10 na 13. Mita inapima waya tu, wakati omu zilizoandikwa zinajumuisha ukinzani wa mwendo. Ikisoma sifuri au bila kikomo, koili imeungua au waya laini wa kwenye koni umekatika, na huo wa pili ni ukarabati wa dakika chache. Kisha isukume koni kwa vidole vilivyosambazwa sawasawa pande zote na usikilize. Mkwaruzo una maana ya koili iliyohama, kutu katika mwanya wa sumaku ambamo koili hucheza, au vumbi la chuma.

Betri ya volti 1.5 huonyesha mwelekeo wa koni, lakini iguse kwa sekunde moja tu, na usiifanyie hivyo draiva ya pembe yenye diaframu ya alumini. Spika nyingi husukuma koni nje pale chanya inapogusa kituo chekundu. JBL za zamani hufanya kinyume. Mtu asiyejua hilo akiziunganisha JBL na spika nyingine katika kasha moja atasikia besi imetoweka, naye ataanza kubadilisha kapasita zisizo na hatia.

Mahali pa kazi ni muhimu kama vifaa. Katika eneo la Gerezani, Dar es Salaam, kuna mafundi hodari wa kila kitu cha chuma, lakini karakana ambamo grinda inazunguka siku nzima ndiyo mahali pabaya kuliko pote pa kuifungua spika, kwa sababu chembe za chuma zilizo hewani hukimbilia moja kwa moja kwenye mwanya wa sumaku. Ifungue nyumbani, juu ya meza ya mbao iliyofutwa. Chembe zilizokwisha kuingia hazitoki kwa kupulizwa. Hutolewa kwa kipande cha selotepu iliyokunjwa ili gundi iwe nje pande zote mbili, ikizungushwa taratibu ndani ya mwanya mpaka itoke safi.

Ukarabati na kiasi chake

Kanuni ninayoitetea ni ya kufanya kidogo kinachotosha, na kwa namna ambayo fundi mwingine anaweza kuitengua. Koni ya karatasi iliyochanika haihitaji kubadilishwa. Kipande cha karatasi ya mfuko wa majani ya chai, kikilowanishwa kwa gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, kikabandikwa nyuma ya mpasuko, hukauka kikiwa chepesi na laini kama koni yenyewe. Gundi za kukauka upesi huacha kovu gumu ambalo karatasi huchanika tena pembeni mwake. Kuipaka koni rangi nyeusi ili ing'ae, jambo linalofanywa sana kabla ya kuuza, kunaiongezea uzito na kuishushia ufanisi ule uliokuwa ndio sababu ya kuitafuta.

Ukingo wa koni ni suala la hali ya hewa. Spika za sinema na za dansi za zamani zilikuwa na ukingo wa karatasi iliyokunjwa mikunjo au wa kitambaa kilichopakwa dawa, na kingo hizo hudumu miongo mingi hata katika unyevu wa pwani. Sponji, iliyoenea kuanzia miaka ya 1970, huvunjwavunjwa na unyevu wa hewa wenyewe, iwe spika inapigwa au imekaa stoo, na katika jiji lenye joto na unyevu kama hili usitegemee kuikuta nzima. Kuibadilisha ni kazi ya kawaida, ila ukingo mpya uwe wa upana na ulaini uleule. Mpira mzito ukiwekwa mahali pa sponji hubadilisha mlio wa besi, na kasha ambalo lilipimwa kwa spika ile halitaielewa tena.

Kusuka koili upya ndiko kunakohitaji uamuzi. Mafundi wa Kariakoo wanaosuka mota wanao ujuzi wa mkono, lakini koili ya sauti si ya mota. Kabla ya kuitoa ya zamani andika kipenyo cha mrija, urefu wa msuko, idadi ya tabaka, omu, na aina ya waya. Altec na JBL walitumia waya bapa uliosimamishwa kwa ukingo wake ili waya uujaze mwanya bila kuacha nafasi tupu. D130 ina koili ya inchi 4 ya namna hiyo, ya alumini. Ukiisuka kwa waya wa mviringo wa shaba itapiga, lakini itakuwa nzito zaidi na itapoteza desibeli kadhaa. Kwa spika ya kawaida ya dansi sioni tatizo. Kwa draiva adimu ya sinema afadhali ikae kimya mpaka diaframu sahihi ipatikane, na ile iliyoungua ihifadhiwe ndani ya bahasha pamoja nayo.

Kapasita za krosova, yaani sakiti inayotenganisha besi na sauti za juu, hubadilishwa karibu kila mara. Zile za elektroliti hukauka, na zile za karatasi na mafuta huvuja. Zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1980 zinaweza kuwa na mafuta ya PCB, ambayo yamo katika orodha ya kemikali zilizozuiwa na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, kwa hiyo inayovuja ishikwe kwa glavu, ifungwe ndani ya mfuko, wala isichomwe wala kutupwa mtaroni. Mpya ya filamu ya plastiki yenye thamani ileile hufaa. Kasha nalo likaguliwe kwa mchwa na bungua kabla halijaingizwa ndani ya nyumba, na maungio yaliyoachia yabandikwe kwa gundi ya mbao na kubanwa, kwani hewa inayopenya kwenye ufa wa kasha la besi huondoa besi kwa uhakika kuliko kasoro yoyote ya sumaku.

Limebaki suala la upweke wa spika za sinema. Sauti ya sinema nyingi za zamani ilitoka katika chaneli moja, na kwa hiyo ukumbi ulikuwa na seti moja katikati, nyuma ya pazia. Anayeipata moja hutumia miaka akitafuta pacha wake ambaye huenda hakuwahi kuwepo, au huunganisha mbili za viwanda tofauti kwa nguvu na kuishia na jozi isiyoelewana. Itumie peke yake. Changanya chaneli mbili za chanzo chako kabla ya amplifaya, kila moja ikipitia rezista ya omu 1,000 ndipo zikutane, na usithubutu kuyaunganisha matokeo mawili ya amplifaya moja kwa moja. Amplifaya ya wati 10 hadi 20 inatosha. Kama uliyonayo ni kubwa zaidi, weka kapasita kwenye laini ya draiva ya pembe ili kitu chochote cha besi kisiifikie, elekeza pembe usawa wa masikio ya waliokaa, na uiweke spika mita kadhaa mbele ya wasikilizaji, kwa sababu sehemu zake mbili huhitaji umbali huo ndipo zisikike kama kitu kimoja.